Jamaa Iliyokaa Chomboni

Wengi wenu mmekwisha kuona mashua yenye tanga. Ninyi mnaokaa karibu na Ziwa Tanganyika mmeiona ikiondoka Kalemie au Baraka. Mwenye mashua hutoka nyumbani kwake, husafiri, huuza vitu vyake, kisha hurudi kwa mke wake na watoto wake. Nyumba yake iko nchi kavu. Mashua yake ni chombo cha kazi tu.

Leo tutasoma habari za watu ambao hawakuwa na nyumba nchi kavu. Chombo chao cha tanga kilikuwa kazi yao, jiko lao na kitanda chao. Watoto walizaliwa humo, walijifunza kutembea humo, na wengine walizeeka humo. Watu hao walikaa Uholanzi, katika jimbo la Friesland, na wengine wao waliishi hivyo mpaka miaka ya 1950. Tutaona kazi zao na taabu zao za kila siku. Tena tutaona ulizo moja lililowasumbua wazazi kupita mengine yote: Watoto wetu watasoma wapi?

1. Nchi ya maji

Friesland iko kaskazini ya Uholanzi. Ni nchi tambarare, haina mlima. Sehemu zake nyingine ni za chini kuliko bahari. Kwa hiyo maji ya mvua hayawezi kutoka yenyewe. Lazima watu wayasukume. Zamani waliyasukuma kwa vinu vya upepo. Mwaka 1920 wakaanza kutumia mashine kubwa ya mvuke karibu na mji wa Lemmer. Mashine hiyo ipo mpaka leo, nayo huwashwa maji yanapozidi.

Nchi hiyo ina maziwa mengi, lakini si kama ziwa letu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa. Maziwa ya Friesland kwa kawaida yana kina cha mita 2 hivi tu. Yameunganishwa kwa mifereji iliyochimbwa na watu, na mifereji hiyo hufika karibu kila kijiji. Zamani barabara zilikuwa za matope, na magari ya farasi yalikwama wakati wa mvua. Basi kila kitu kizito kilipita majini.

Walisafirisha vitu gani? Kwanza, udongo mweusi wa kinamasi. Udongo huo hukatwa vipande kama matofali, huanikwa, na ukikauka huwaka kama kuni. Jirani zetu wa Burundi nao huchimba udongo wa namna hiyo. Pili, walisafirisha udongo wa rutuba. Zamani sana, kabla ya kujengwa kuta za kuzuia bahari, watu wa Friesland walijenga vilima kwa mikono yao, wakakaa juu yake ili maji yasiwafikie. Kwa miaka mamia walitupa huko samadi na takataka. Udongo wake ukawa mzuri sana kwa mashamba. Tangu karne ya 19 watu walivichimba vilima hivyo na kuuza udongo wake. Tatu, walisafirisha viazi na samadi ya ng'ombe.

2. Chombo chenyewe

Watu wa Friesland huviita vyombo hivyo skûtsje. Sisi tutasema tu vyombo vya Friesland. Vilikuwa na urefu wa mita 12 mpaka 20, na upana wa mita 3 na nusu hivi. Chukueni kamba, mpime urefu huo katika kiwanja cha shule, ndipo mtaona. Zamani vilijengwa kwa mbao. Toka mwisho wa karne ya 19 mafundi walianza kuvijenga kwa chuma.

Chini chombo kilikuwa bapa kama sinia, kwa sababu maji hayakuwa na kina. Lakini chombo bapa kina shida moja: upepo ukikipiga ubavuni, hakiendi mbele, huteleza kando. Basi mafundi walitundika ubao mmoja mkubwa kila upande, mfano wa mabawa ya ndege. Nahodha aliushusha majini ubao wa upande ule upepo unakoelekea. Ubao ule ulizuia chombo kisiteleze. Wakifika mahali penye maji machache, waliupandisha tena.

Mlingoti nao haukufungwa daima. Katika Friesland madaraja ni mengi, na baadhi yake ni ya chini. Chombo kikikaribia daraja la namna hiyo, watu waliulaza mlingoti pamoja na tanga lake, wakapita chini ya daraja, kisha wakausimamisha tena. Madaraja mengine yalifunguliwa na mlinzi, naye alidai ushuru. Alipokeaje fedha bila kushuka? Alikuwa na ufito wenye uzi mrefu, na mwisho wa uzi alifunga kiatu cha mti. Alikining'iniza kiatu juu ya chombo kinachopita, na mtu wa chomboni alitia fedha ndani ya kiatu.

Sasa, jamaa ilikaa wapi? Sehemu kubwa ya chombo ilikuwa ya mzigo, kwa kuwa mzigo ndio uliowalisha. Jamaa ilipata chumba kimoja kidogo upande wa nyuma. Urefu wake ulikuwa hatua tatu au nne, na dari yake ilikuwa chini. Humo mlikuwa na jiko la chuma, meza, kabati, na vitanda vilivyojengwa ndani ya ukuta kama makabati yenye milango. Baba na mama walilala katika kitanda kimoja, watoto wadogo katika kingine, wakibanana kama samaki kapuni. Wavulana wakubwa walilala mbele kabisa ya chombo, mahali penye kamba na nanga. Jamaa nyingine zilikuwa na watoto wanane au zaidi.

Katika chumba kidogo namna hiyo, kila kitu kina mahali pake. Mtu akiacha kiatu njiani, mwingine atajikwaa. Watoto wawili wakigombana, watu wote wanasikia, wala hakuna chumba kingine cha kukimbilia. Kwa hiyo watoto wa chomboni walifundishwa mapema kuweka vitu mahali pake na kunyamaza wakati wa kunyamaza.

3. Kazi ya kila mtu

Upepo mzuri ulipovuma, kazi ilikuwa nyepesi. Baba alishika kana, ndiyo mti wa kugeuzia usukani, na mama alishughulika na kamba za tanga. Lakini upepo si mtumishi wa mtu. Siku nyingine hakuna upepo kabisa. Siku nyingine upepo unatoka mbele. Ziwani chombo kinaweza kushindana na upepo wa mbele kwa kwenda mshazari, mara kulia, mara kushoto. Katika mfereji mwembamba hakuna nafasi ya kufanya hivyo.

Hapo walitumia pondo. Ninyi mnaokaa mtoni mwajua kazi hiyo. Mtu alisimama mbele ya chombo, akachomeka upondo mpaka chini ya maji, akauegemea kwa bega. Kisha alitembea pembeni mwa chombo toka mbele mpaka nyuma, huku akisukuma kwa nguvu zake zote. Alipofika nyuma alichomoa upondo, akarudi mbele, akaanza tena. Alifanya hivyo mamia ya mara kwa siku.

Au walikivuta chombo kwa kamba. Mtu alishuka ukingoni, akavaa mkanda mpana kifuani, akaenda mbele ameinama. Nani alivuta? Kama jamaa haikuweza kulipa farasi, alivuta baba, au alivuta mama, au walivuta pamoja na mtoto mkubwa. Mara nyingi mama alikuwa kambani na baba alikuwa na upondo, huku mtoto wa miaka minane au tisa ameshika kana.

Msidhani kazi ya mtoto huyo ilikuwa mchezo. Tuseme chombo kina mzigo wa tani 30, yaani kilo 30,000. Kitu kizito kama hicho ni vigumu kukianzisha, lakini kikiisha kuanza kwenda majini, ni vigumu vile vile kukisimamisha. Hakina breki. Mtoto akisinzia, chombo kitapiga daraja au kitapanda ukingoni, na mama aliyefungwa kambani anaweza kuvutwa akaangushwa. Usalama wa mama ulikuwa mikononi mwa mtoto wake.

Walipofika, kazi haikwisha. Mzigo ulipaswa kutolewa kwa sepeto na toroli, juu ya ubao mwembamba kutoka chomboni mpaka nchi kavu. Tufanye hesabu. Kama toroli moja inachukua kilo 60, kilo 30,000 zahitaji safari 500. Baba alisukuma, mama alijaza, watoto walisaidia. Kama mzigo ulikuwa samadi, mama alifunga madirisha yote ya chumba, na baadaye alisugua sitaha mpaka ikang'aa. Wanawake wa vyombo walijivunia usafi wa nyumba zao, hata zikiwa na hatua nne tu.

4. Maji yaliyoleta mauti

Watu hawa walizungukwa na maji mchana na usiku, lakini maji mema ya kunywa yalikuwa shida kwao. Chomboni mlikuwa na pipa. Walilijaza maji ya mvua au maji ya kisima walipopata ruhusa kijijini. Lakini pipa likiisha, na kijiji ni mbali, wengi walichota maji ya mfereji kwa ndoo. Katika maji yale yale watu wa miji walimwaga uchafu wao, na kila chombo kilimwaga wake.

Mwaka 1866 kipindupindu kiliingia Uholanzi, kikaua watu karibu 20,000. Watu wa vyombo walikuwa hatarini sana, nao bila kujua waliuchukua ugonjwa kutoka bandari hata bandari. Wakati ule wengi walidhani ugonjwa huo unaletwa na harufu mbaya ya hewa. Mganga Mjerumani Robert Koch ndiye aliyeeleza mwaka 1884 kwamba unaletwa na kijidudu kinachokaa katika maji yenye uchafu wa watu.

Habari hii si ya Uholanzi peke yake. Kipindupindu kimerudi mara nyingi katika miji yetu ya kando ya ziwa, kama Kalemie na Uvira. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na bado yakawa na kijidudu hicho ndani yake. Kwa hiyo maji ya ziwa, ya mto au ya mfereji sharti yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa, na choo sharti kiwe mbali na mahali pa kuchota maji.

5. Kamba ya mtoto

Hatari nyingine ilikuwa karibu zaidi. Ukitoka mlangoni mwa nyumba yako, unakanyaga udongo. Mtoto wa chomboni akitoka mlangoni, hatua mbili tu, na tazama, ni maji. Watu wengi wa vyombo hawakujua kuogelea, hata watu wazima.

Mama hakuweza kumtazama mtoto saa zote. Alikuwa na kazi ya kamba, ya upondo, ya jiko. Basi alimfunga mtoto mdogo kwa mshipi kifuani na kwa kamba iliyoshikamana na mlingoti au na chumba. Urefu wa kamba ulipimwa vizuri: mtoto aweze kutembea na kucheza, lakini asifike ukingoni. Watu wa nchi kavu waliopita walicheka wakisema, “Mtoto huyu amefungwa kama mbuzi!” Lakini mama alijua maana ya kamba ile. Karibu kila jamaa ya vyombo ilikuwa na habari za mtoto aliyezama, wa kwao au wa jirani.

Tena kulikuwa na bahari. Vyombo vingine vilivuka ghuba kubwa iliyoitwa Zuiderzee ili kupeleka mizigo Amsterdam na ng'ambo nyingine. Huko mawimbi yalikuwa mafupi na makali, na chombo kilichojaa mzigo kilikuwa na sitaha karibu sawa na maji. Manahodha walingoja bandarini, pengine siku nyingi, mpaka upepo utulie.

Fikirini moyo wa baba anayengoja. Akikaa siku moja zaidi, viazi vinapungua na mwenye mzigo anakasirika. Akiondoka mapema, anaweza kupoteza chombo. Baharia wa merikebu kubwa anahatarisha mwili wake mwenyewe, na mke wake yuko salama nyumbani. Baba huyu alihatarisha watu wake wote kwa mara moja. Ndiyo maana nahodha mwema hakuona haya kukaa bandarini wengine walipoondoka. Mwaka 1932 Waholanzi walimaliza kujenga ukuta wa urefu wa kilometa 32, wakaifunga ghuba ile isiunganike na bahari. Ikawa ziwa, na leo jina lake ni IJsselmeer.

6. Wakati wa barafu

Ninyi mnajua masika na kiangazi. Uholanzi kuna wakati wa baridi, na miaka mingine baridi huzidi hata maji ya mifereji yanakuwa magumu kama jiwe. Hiyo ndiyo barafu. Chombo kikikamatwa na barafu, hakiendi mbele wala nyuma, pengine kwa majuma mengi.

Chombo kisipokwenda, hakuna mzigo. Pasipo mzigo, hakuna fedha. Baba mwenye akili aliweka akiba wakati wa joto. Asiyeweka akiba alikwenda dukani kuomba mkopo, na deni lile lilimfuata mpaka mwaka uliofuata.

Vyombo vingi vilikutana mahali pamoja, ubavu kwa ubavu, vikawa kama kijiji. Wanawake waliosafiri peke yao miezi mingi walizungumza na wenzao. Vijana walitazamana, na ndoa nyingi zilianza namna hiyo. Watoto waliteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini yake. Na jambo jingine: kwa kuwa chombo kilikaa mahali pamoja, watoto waliweza kwenda shuleni. Barafu iliyowanyima wazazi chakula iliwapa watoto masomo.

7. Watasoma wapi?

Sasa tumefika kwenye ulizo lile la kwanza. Mtoto wa chomboni alijua mambo mengi. Alijua kusoma mawingu, kufunga mafundo, kuongoza chombo penye daraja jembamba. Lakini wengi hawakujua kusoma kitabu. Walikwenda shule majuma machache wakati wa barafu, na siku moja au mbili hapa na pale chombo kilipopakia mzigo. Mtoto aliingia darasani asikojulikana. Mwalimu hakujua amefika wapi katika hesabu, akamkalisha nyuma. Watoto wa kijiji walimcheka kwa sababu ya nguo zake na maneno yake. Alipoanza kufahamu somo, baba alisema, “Upepo umegeuka, twende.” Na katika mji mwingine alianza tena herufi zile zile.

Mwaka 1900 Waholanzi walifanya sheria ya kuwalazimisha wazazi kuwapeleka watoto wao shuleni. Katika baraza la wabunge walioikubali walikuwa 50, na walioikataa 49. Ilipita kwa kura moja tu! Mbunge mmoja aliyeipinga hakuwapo siku ile, kwa sababu alikuwa ameanguka kutoka juu ya farasi wake. Sheria ilianza kazi mwaka 1901. Lakini haikuwashika vizuri watoto wa vyombo. Mkaguzi angewatafuta wapi? Leo wako hapa, kesho wako ng'ambo ya ziwa.

Katika bandari fulani zilianzishwa shule za watoto wa vyombo. Watoto waliingia siku ile chombo kilipofika, hata kama ni kwa siku mbili tu. Baadaye, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, iliyokwisha mwaka 1945, zilijengwa nyumba nyingi za kulala wanafunzi, maalumu kwa watoto wa vyombo. Humo watoto walikaa, wakala, wakasoma katika shule za mji, na wakarudi kwa wazazi wakati wa likizo.

Hilo lilikuwa jambo jema, lakini lilikuwa na gharama yake. Katika chumba kile kidogo jamaa ilikuwa imekaa pamoja usiku na mchana tangu mtoto kuzaliwa. Sasa mtoto wa miaka sita au saba alichukua mfuko wake, akashuka kwenye ubao, na chombo kikaondoka bila yeye. Wengi walilia usiku, na mama zao pia. Na nani sasa angeshika kana mama alipovuta kamba? Wazazi wengine waliamua namna nyingine: mama alishuka akakodi nyumba mjini pamoja na watoto, na baba alisafiri na kijana wa kumsaidia. Hapo watoto walimpata mama, lakini walimkosa baba.

Msiwahukumu upesi wazazi hao. Waliowaweka watoto chomboni waliwapenda, na waliowapeleka shuleni waliwapenda. Chombo kilifundisha umoja na bidii, wala hakuna shule iliyofundisha mambo hayo vizuri zaidi. Lakini mtoto asiyejua kusoma alibaki na njia moja tu maishani, njia ya baba yake. Na njia ile ilikuwa karibu kufungwa.

8. Mwisho wa matanga ya kazi

Tangu miaka ya 1920 injini zilianza kuingia. Chombo chenye injini hakikungoja upepo, tena kilibeba mzigo mkubwa zaidi. Barabara nzuri zilijengwa, na malori yalichukua mizigo mpaka mlangoni mwa mteja. Miaka ya 1930 biashara ilianguka katika nchi nyingi, na vyombo vingi vilikaa bila kazi. Baada ya vita, matanga ya mizigo yalitoweka upesi katika mifereji ya Friesland. Watu waliouza vyombo vyao walitafuta kazi viwandani na mashambani. Hapo yule aliyejua kusoma na kuandika alipata nafasi mapema, na asiyejua alipata taabu.

Vyombo vyenyewe havikupotea vyote. Tangu mwaka 1945 kuna chama kinachoandaa mashindano ya vyombo hivyo kila mwaka wakati wa joto. Vyombo 14 hushindana katika maziwa ya Friesland, na watu maelfu hukaa ukingoni kutazama. Kanuni moja ya mashindano hayo inapendeza: nahodha sharti awe mtu wa ukoo wa watu wa vyombo. Hivyo wajukuu wanashika kana ile ile waliyoishika babu zao. Lakini jioni hushuka na kurudi nyumbani kwao nchi kavu.

Katika nchi yetu majahazi makubwa hupanda Mto Kongo kutoka Kinshasa mpaka Kisangani, na safari yaweza kuchukua majuma mengi. Mama hupika juu ya sitaha, watoto hucheza karibu na ukingo, na maji huchotwa mtoni. Mkisafiri namna hiyo, kumbukeni maji ya kuchemsha na kamba ya mtoto. Na mkikutana darasani na mwenzenu aliyetoka safarini, ambaye hajui tumefika wapi katika kitabu, msimcheke. Fungueni kitabu mbele yake, mumwonyeshe ukurasa.

Maneno ya kujifunza

Kana: mti wa kugeuzia usukani.
Upondo: mti mrefu wa kusukumia chombo kwenye maji yasiyo na kina.
Sitaha: sakafu ya juu ya chombo.
Mlingoti: mti mrefu unaobeba tanga.

Maulizo

1. Kwa nini vitu vizito vya Friesland vilisafirishwa majini?
2. Mbao mbili za ubavuni zilikuwa na kazi gani?
3. Mtoto aliyeshika kana alikuwa na kazi gani, na akisinzia ingekuwaje?
4. Kipindupindu huletwa na nini? Ninyi nyumbani mnayatengenezaje maji ya kunywa?
5. Kwa nini kamba ya mtoto ilipimwa urefu wake?
6. Baba wa chomboni alipongoja bandarini, alifikiri mambo gani mawili?
7. Hesabu: Chombo kina tani 24 za viazi. Toroli moja huchukua kilo 80. Ni safari ngapi? Kama watu wawili wenye toroli mbili wanafanya kazi sawasawa, kila mmoja atakwenda mara ngapi?
8. Andika mistari kumi: Kama ungekuwa mtoto wa chomboni, ungependa kubaki na wazazi au kwenda kukaa shuleni? Toa sababu zako, kisha eleza jambo moja ambalo ungelikosa.